Kumfuata Mdogo Wangu Nyarugusu

Kwetu Dodoma habari za Shinyanga na Geita zilitufikia kwa redio, na zilikuwa za aina mbili tu: kuna mahali dhahabu imetoka, au kuna mahali duara, yaani shimo la wachimbaji, limetitia. Ile ya Agosti 2025 ilikuwa ya aina ya pili. Mgodi wa wachimbaji wadogo wa Nyandolwa, mkoani Shinyanga, ulititia na watu 25 wakanaswa chini. Mama aliisikia akiwa jikoni. Akatuma mtoto mbio hadi kwenye kibanda changu cha ushonaji: nimpigie mdogo wangu, sasa hivi. Nikapiga. Haipatikani. Kesho yake nikapiga tena, haipatikani.

Mdogo wangu hakuwa Nyandolwa. Alikuwa Nyarugusu, wilayani Geita, mkoa mwingine kabisa, na simu yake alikuwa ameiweka rehani dukani apate hela ya unga. Hayo tulikuja kuyajua baadaye. Kabla ya hapo nyumba ilijaa akina mama wa kanisani, kanga zimefungwa viunoni, wanaomba kwa zamu hadi usiku. Alipopiga kwa simu ya kuazima, mama alipiga magoti pale pale sebuleni. "Mungu amemtunza," alisema, na wote wakaitikia amina. Mimi pia niliitikia. Lakini redio ilikuwa bado inaongea. Nyandolwa walikuwa bado wanafukua, waliotoka hai walikuwa wachache, na kila aliyebaki chini alikuwa na mama yake. Sina shaka wengi wa mama hao walikuwa wamepiga magoti kama wa kwetu. Nilipoondoka Dodoma mwishoni mwa mwaka huo, jambo hilo nilikwenda nalo. Mama aliniagiza nimwone mwanawe kwa macho, nimpelekee karanga na mlenda mkavu, na nikiweza nirudi naye.

Sikuwahi kuvuka Singida maishani mwangu. Stendi alipanda mhubiri, kama ilivyo desturi ya mabasi yetu. Alilifunika basi kwa damu ya Yesu, akamfunika dereva, matairi na breki, akakemea ajali zote za njiani, kisha akapitisha kofia. Jirani yangu wa kiti, mzee wa Kisukuma aliyekuwa anarudi kwake kutoka kutibiwa, alisema amina kwa sauti na kutoa shilingi 500. Halafu akateremka, akalizunguka basi, akalipiga teke tairi la nyuma na kumwita konda waongee. Aliporudi nikamtania kwamba haamini maombi aliyoyalipia. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Nimeomba, mayu. Ndiyo maana nikaenda kuangalia."

Kuteremka mlima Sekenke alinionyesha kwa kidole upande ambako, alisema, mambo ya dhahabu ya nchi hii yalianzia. Wajerumani walichimba Sekenke tangu 1909, na mwaka 1916, vita vikiwa vimewabana na sarafu zimewaishia, walifua huko Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Mzee hakuwa na habari na tembo. Kilichomkaa moyoni ni ngitili.

Ukishaiacha Igunga na kukaribia Nzega unaanza kuziona: vipande vya pori vilivyozuiwa, nyasi na migunga, ng'ombe haruhusiwi kuingia mpaka kiangazi kikaze. Mzee alikuwa na ngitili yake upande wa Shinyanga. Zamani, alisema, nchi ilikuwa uwanja mtupu. Wakoloni walifyeka mapori ili kuua mbung'o, mashamba ya pamba yakamaliza yaliyobaki, na mifugo ikakanyaga udongo hadi ukawa vumbi. Mwaka 1986 ukaja mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI kwa kifupi, ambao baada ya kuhangaika na miche ya vitaluni ulirudi kwenye desturi ya wenyeji, yaani hiyo ngitili. "Wageni wakija wanatusifu kwamba tumepanda miti," alisema. "Hatukupanda. Mizizi ilikuwamo chini, Mungu ameitunza miaka yote hiyo tukiwa tunaikanyaga. Kazi yetu ilikuwa kuzuia ng'ombe, na kazi hiyo ilitugombanisha na majirani mpaka kwa mtendaji." Alishuka Tinde, njia panda, na mimi nikaendelea hadi Shinyanga mjini.

Nilipokewa na mama mmoja mjane, rafiki wa shangazi yangu, muumini wa kanisa la AIC. Kanisa hilo ni kongwe Usukumani. Wamisionari wa Africa Inland Mission walianza Nassa mwaka 1909, na hospitali yao ya Kolandoto, nje kidogo ya mji, bado inapokea wagonjwa. Asubuhi alinipa chai na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa, ambavyo vinataka meno na subira. Tukaongea habari za Nyandolwa. Msiba mmoja, alisema, ulikuwa mtaa wa pili. Nilimuuliza alimwambia nini mfiwa, maana nilihisi hapo ndipo nitakapopata jibu la lile jambo nililotoka nalo nyumbani.

"Sikumwambia kitu," alijibu. "Nilimwoshea vyombo. Siku zote za matanga nilikuwa nyuma ya nyumba na masufuria."

Waliokuja na maneno, alisema, walikuwa wengi. Mmoja alimwambia mfiwa kwamba angefunga na kuomba zaidi mtoto angetoka. Mama yule mjane, ambaye sikumsikia akipandisha sauti hata mara moja, alisema mtu huyo alistahili kutolewa msibani kwa fimbo.

Mchana alinitembeza. Tulipita Buhangija, penye shule ambako watoto wenye ualbino walikimbiziwa miaka ile wauaji walipokuwa wanawatafuta. Nilikuwa nimesoma habari hizo magazetini, lakini kusimama nje ya ukuta na kusikia watoto wakicheza ndani ni kitu kingine. Wauaji waliambiwa na waganga kwamba kiungo cha mtu kinavuta dhahabu na samaki. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli, ikakamata wengi. Naandika hili kwa sababu watu wanaposema kwamba machimboni hakuna imani, wanakosea. Imani ipo tele. Anayeshuka gizani hajui kama mwamba utampa kitu au utamla, na asiyejua kesho yake atanunua uhakika popote unapouzwa. Mganga anauza uhakika. Baadhi ya wahubiri nao wanauuza, chupa ya mafuta kwa bei yake, na mimi sioni tofauti kubwa kati ya meza hizo mbili.

Kutoka Kahama kwenda Geita nilipanda mchomoko, gari dogo la watu saba tukiwa tisa, mizigo miguuni, vumbi jekundu likiingia kwenye kila upenyo. Tulipofika maeneo ya Kakola mnara wa mgodi wa Bulyanhulu ulionekana, na abiria mmoja mtu mzima akasimulia Agosti 1996, wachimbaji wadogo walipoondolewa pale kupisha mgodi mkubwa. Kutoka hapo mazungumzo yakahamia Nyangalata. Hakuna asiyeijua hadithi hiyo katika Kahama nzima. Oktoba 2015 duara lilititia Nyangalata, watu wakafukiwa. Siku zikapita, matumaini yakaisha. Novemba, siku ya 41, watano wakatolewa hai. Walikuwa wameishi kwa mende, vyura na maji machafu yaliyokuwa yanadondoka kutoka juu ya mwamba. Mwenzao wa sita alifia humo humo.

"Mungu hakuwasahau," alisema dada mmoja aliyekuwa na furushi la mitumba mapajani.

"Na yule wa sita?" dereva akauliza bila kugeuka.

"Hata yeye hakusahauliwa."

"Lakini alikufa."

"Ndiyo. Alikufa."

Nilingoja mtu aongeze neno. Hakuna aliyeongeza. Gari likapiga shimo, tukalalamikia barabara, na hadithi ikaishia hapo. Nimesikiliza mahubiri mengi juu ya ulinzi wa Mungu, na nakiri sijasikia yaliyokuwa na adabu kama yale ya yule dada wa mitumba. Aliwaweka watano na mmoja mkononi mwa Mungu yule yule, na hakujisumbua kumtafutia Mungu udhuru.

Geita mjini nililala tu. Ni mji wenye haraka. Mgodi mkubwa wa GGM ulifunguliwa mwaka 2000, mkoa ukaundwa 2012, soko la dhahabu likafuata 2019, na tangu hapo naona hakuna aliyekaa chini kupumzika. Asubuhi bodaboda na gari vikanifikisha Nyarugusu.

Mdogo wangu alikuja stendi amevaa raba zilizokuwa nyeupe. Amekonda, mabega yamepanuka. "Dada, shikamoo," alisema, halafu akacheka, akanikumbatia mbele za watu, jambo ambalo Dodoma asingelifanya. Alikuwa na simu mpya. Nilimpa karanga, nusu zilikuwa zimeisha kabla hatujafika alikopanga.

Alinipeleka kazini kwake kesho yake, ila si mpaka mdomoni mwa duara. Nilisimamishwa kwenye kivuli cha turubai, mbali kidogo. Duara lile, kama mengi ya huko, lina miiko yake, na wa kwanza ni kwamba mwanamke hasogei. Mwanamke anaponda mawe, anaosha marudio, yaani mchanga uliobaki, anashika zebaki kwa vidole vitupu na kuichoma kwenye kikaango huku mtoto yuko mgongoni, lakini akisogelea shimo eti dhahabu inakimbia. Nilipouliza mwiko huo umetoka wapi, msimamizi, kijana mwenye msalaba shingoni, alinijibu kwamba ni mambo ya hapa, shangazi, yasikusumbue. Yalinisumbua.

Kutoka chini ya turubai niliona vya kutosha. Mdomo wa duara ulikuwa mraba, upana wa mlango wa nyumba, umezungushiwa magogo yaliyopangwa kama vitanda vya ghorofa kwenda chini. Hayo ndiyo matimba. Juu yake winchi ya kuzungusha kwa mikono miwili, kamba, na ndoo iliyokatwa kutoka kwenye dumu. Wanaoshuka wanabeba moko, yaani patasi ya kuchimbia, nyundo na tochi ya kichwani. Kando, juu ya jiwe, palikuwa na daftari la shule lenye picha ya mwanasoka kwenye jalada, kalamu imefungwa na uzi. Kila anayeshuka anaandikwa jina na saa. Akipanda, jina linakatwa. Niliomba kuliona. Mdogo wangu aliletewa, akalisogeza hadi kwangu, na nikasoma jina alilopewa na baba yetu, limeandikwa kwa mwandiko wa mtu mwingine, limekatwa, limeandikwa tena, limekatwa, ukurasa baada ya ukurasa. Nililishika muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Aliyelianzisha, niliambiwa, ni mwinjilisti wa kanisa lao, ambaye naye anachimba.

Mwinjilisti huyo nilimsikia Jumapili. Kanisa ni la mabati, sakafu ya udongo ulionyunyiziwa maji. Alihubiri kutoka Ayubu sura ya 28, na nilishangaa kwamba sijawahi kuisoma kwa makini, maana inawahusu wachimbaji waziwazi: watu wanaotoboa mwamba mbali na nyumba za watu, wananing'inia na kuyumba, wanaleta nuru mahali ambapo hata jicho la tai halijafika, na bado kitu kimoja hawakioni huko chini. Hekima haimo mwambani wala hainunuliki kwa dhahabu. Waumini walikuwa wanaitikia kwa vicheko vya watu wanaojitambua. Kisha akasema jambo ambalo niliandika kwenye simu nisije nikalisahau: Shetani alipomwambia Yesu ajirushe kutoka juu ya hekalu, alimpa ahadi ya kweli, kwamba malaika watamdaka. Yesu hakukana ahadi. Alikataa kujirusha. "Sasa wewe," mwinjilisti aliuliza, "unayeshuka kwenye matimba yaliyooza ukasema Bwana atanilinda, umefuata mfano wa nani?" Kanisa likatulia, hata watoto.

Baada ya ibada ukafuata mnada wa sadaka zilizoletwa kwa vitu. Jogoo, miwa, mayai kwenye kofia, na mwishoni kiroba cha mawe. Mnadi alikinyanyua kwa shida. Mtu akapaza sauti, "Yana kitu hayo?" Mnadi akajibu, "Mungu anajua, wewe taja bei." Mwenye karasha mmoja, yaani mashine ya kusaga mawe, akakinunua, watu wakashangilia, na mimi nikanunua miwa.

Nyarugusu wana ushuhuda wao mkubwa. Januari 2017 watu 15, mmoja wao Mchina, walinaswa chini ya mgodi hapo, na baada ya siku tatu hivi wote wakatolewa hai. Bado wanasimulia kana kwamba ni juzi. Nilifurahi nao, lakini ndani nilikuwa nazihesabu ajali nyingine pamoja na hiyo: 22 waliokufa Ng'alita, Bariadi, Januari 2024, na wale wa Nyandolwa. Ushuhuda unaowafanya waliokufa waonekane hawakuombewa vya kutosha siukubali, hata ukitolewa na mtu aliyeokoka kweli kweli.

Usiku wa mwisho tuliketi nje na mdogo wangu. Nilimwambia agizo la mama, arudi. Hakukataa mara moja. Badala yake alinisimulia siku moja ya mwezi uliopita. Asubuhi ile matimba yalikuwa yanalia, sauti ya mti unaobanwa, na udongo ulikuwa unadondoka kidogo kidogo. Alisimama mdomoni, akasali, na hakusikia sauti yoyote kutoka mbinguni, alisikia matimba. Akasema hashuki. Wenzake walimcheka, mmoja akamwambia imani yake haba. Walishuka wao.

"Likatitia?" niliuliza.

"Halikutitia. Walipanda jioni na mawe mazuri, viroba vinane. Waligawana. Mimi sikupata hata jiwe."

Nilikuwa natarajia mwisho mwingine, na alijua. Alichukua karanga za mwisho. "Dada, ningeshuka ningekuwa na hela. Lakini najua aliyenizuia ni Mungu. Kwamba shimo halikuanguka haimaanishi hakusema." Wiki iliyofuata, aliongeza, hao hao waliomcheka walichangia magogo mapya, wakabadilisha matimba yote ya upande huo. Magogo yanatoka mbali siku hizi, pori la karibu limekwisha, na bei yake inauma.

Sikurudi naye. Nilimwambia mama ukweli huo kwa simu nikiwa Kahama, na kwamba jina lake linaandikwa akishuka na kukatwa akipanda. Alinyamaza kidogo, akauliza nani anashika daftari akiwa mwinjilisti naye yuko chini. Sikuwa nimeuliza. Nilimpigia mdogo wangu palepale, naye akajibu kwamba wana zamu.

Mwiko wa kutosogea shimoni sikuuheshimu moyoni na sitauheshimu. Matendo ya waganga nayaogopa. Ila kuhusu ulinzi wa Mungu nimerudi na msimamo, na yeyote anaweza kubishana nami: anayeomba kisha asikague matimba hajamwamini Mungu, amemwachia kazi ya msimamizi. Na anayekagua kisha akadhani yuko salama kwa sababu ya magogo, akaulize Nyarugusu jinsi magogo yanavyovunjika.

Kama una mtu wako Nyarugusu, Rwamgasa, Nyangalata au duara lolote lile, mwombee. Ukimaliza, mpigie, umuulize matimba yalibadilishwa lini na nani anaandika majina. Na kama kanisa lako lina sadaka ya kutuma huko, tuma ya magogo.